Mkono Uliomchora Felix

Paka mweusi anayejulikana leo kwa jina la Felix alionekana kwa mara ya kwanza katika kumbi za sinema za Marekani tarehe 9 Novemba 1919, katika katuni fupi iliyoitwa Feline Follies, na siku hiyo hakuwa Felix bado. Aliitwa Master Tom. Katika kisa hicho anaiacha nyumba aliyopaswa kuilinda, anakwenda usiku kumposa paka jike aitwaye Miss Kitty White, na huku nyuma panya wanaingia na kuharibu kila kilichomo. Wenye nyumba wanamfukuza. Anaporudi kwa mchumba wake anakuta kundi la watoto ambao anaambiwa ni wake, naye kwa kukata tamaa anakwenda kwenye mtambo wa gesi na kujitoa uhai. Ni mwisho mzito mno kwa katuni, lakini watazamaji walimpenda paka huyo hivi kwamba alirudishwa muda mfupi tu baadaye akiwa mzima, na katika katuni ya tatu, mwezi Desemba mwaka huohuo, akapewa jina la Felix na John King wa kampuni ya Paramount.

Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka kumi, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni mwa katuni hizo lilikuwa la Pat Sullivan, mwenye studio. Jina la Otto Messmer, aliyeketi mezani kumchora na kumtungia visa, halikuwekwa. Nimeisoma historia hii kwa muda mrefu, na kila ninapoirudia naona kwamba haiwezi kusimuliwa kwa haki kwa kumfuata mwenye mali peke yake. Inabidi kuufuata mkono ulioshika kalamu.

Messmer alizaliwa mwaka 1892 West Hoboken, katika jimbo la New Jersey, ng'ambo tu ya mto Hudson ukitoka jiji la New York. Alikuwa kijana wakati Winsor McCay alipokuwa akiwaonyesha watu kwamba mchoro unaweza kuwa na tabia. Mwaka 1914 McCay alimleta mbele ya watazamaji dinosaria aitwaye Gertie, ambaye alicheza, akala, na alipokaripiwa akalia machozi. Gertie alikuwa ajabu kubwa, lakini McCay hakumfanya mhusika wa kurudi kila mara na kisa kipya. Kazi hiyo, ya kumfanya mchoro mmoja awe mtu ambaye watazamaji wanamjua na wanamngoja, ilikuwa bado haijapata mwenyewe.

Pat Sullivan alikuwa Mwaustralia mzaliwa wa Sydney, mchoraji wa katuni za magazeti aliyehamia New York na kufungua studio yake katikati ya miaka ya 1910, na Messmer akawa miongoni mwa waajiriwa wake wa mwanzo. Mwaka 1916 studio hiyo ilipata kazi ya kuchora katuni za Charlie Chaplin. Messmer alisimulia baadaye kwamba Chaplin mwenyewe alituma picha zake ili wachoraji wazitumie, naye akajifunza kutokana nazo jinsi mtu anavyoweza kuzungumza kwa bega, kwa kiwiko, kwa namna anavyosita kabla ya kupiga hatua. Mtu akiwa na jicho la uchoraji hatashindwa kumwona Chaplin ndani ya Felix. Mwaka uliofuata kazi ikakatika: Sullivan alihukumiwa kwa kosa la kumbaka msichana wa miaka 14 na akakaa gerezani miezi tisa, na Messmer akapelekwa Ufaransa kupigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Sipendi kulipitia jambo hilo la Sullivan kimyakimya kama inavyofanywa katika masimulizi mengi, kwa sababu anayempa sifa zote hana budi kuyajua na hayo.

Waliporejea wote wawili, Paramount ilikuwa ikionyesha kumbini mkusanyiko wa vipande vifupi kila wiki, mfano wa jarida la kutazamwa, na ratiba yake ya katuni ilikuwa imezidiwa. Kwa maelezo ya Messmer, Sullivan alikuwa na kazi nyingi, akamruhusu atengeneze chochote nje ya saa za kazi ili kuziba pengo. Messmer akachora nyumbani kwake. Akachagua paka kwa sababu aliona ni rahisi kuliko wanyama wengine, na akamfanya mweusi mwili mzima kwa sababu mbili alizozitaja mwenyewe: anaepuka kuchora mistari mingi ya ukingo, na umbo jeusi tupu husogea vizuri zaidi kwenye kioo cha sinema.

Sababu hiyo ya pili inahitaji kuonekana ili ieleweke. Siku za Jumamosi huwa nachora na watoto wa mtaa wetu hapa Nkuhungu, tukitumia pembe za madaftari ambayo shule imekwisha kuyamaliza. Mtoto anachora paka kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho, anaubandika ukurasa unaotangulia juu yake, anaunyanyua dirishani ili jua la Dodoma limwonyeshe mchoro wa chini, kisha anachora tena akiusogeza mguu kidogo, na kadhalika hadi daftari liishe. Akichora kwa peni ya bluu, mistari mitupu, paka hutetemeka kama mwenye homa, kwa kuwa hakuna mkono unaoweza kurudia mstari uleule mara mbili, na jicho huuona kila mkengeuko. Akimjaza rangi nyeusi kwa maka, mtetemo huohuo haupotei, ila jicho haliuoni tena. Linamwona mnyama mmoja anayetembea. Weusi wa maka huonekana kupitia karatasi ya juu hata bila jua, na watoto wamegundua wenyewe kwamba kivuli hicho kinawasaidia kujua mguu ulikuwa wapi, hivyo wanaokaa mbali na dirisha wanachora kwa kufuata vivuli. Studio za New York zilikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake na vijiti vya kushikia karatasi zisihame, lakini kanuni ni ileile, na macho meupe mawili juu ya mwili mweusi ndiyo yaliyombeba Felix hadi safu ya mwisho ya ukumbi.

Felix wa mwanzo alikuwa na uso mrefu na masikio yenye ncha kali, akikaribia kufanana na mbweha. Mwaka 1924 mchoraji Bill Nolan akamzungusha: kichwa mviringo, tumbo mviringo, miguu kama mipira. Mabadiliko hayo yalirahisisha kazi, na kwa studio iliyotakiwa kutoa katuni mpya kila baada ya wiki mbili kuanzia mwaka 1925, urahisi ulikuwa jambo la kufa na kupona.

Hata hivyo umbo pekee lisingetosha. Kilichomtofautisha Felix na makundi ya paka, mbwa na vikaragosi vya enzi zake ni kwamba alifikiri, na watazamaji walimwona akifikiri. Sinema zilikuwa bubu. Hakukuwa na sauti ya kueleza shida iliyomkabili, wala hakukuwa na nafasi ya kujaza kioo kwa maandishi. Messmer akamfanya aweke mikono nyuma, ainamishe kichwa, atembee kwenda na kurudi kwa hatua nzito huku paji la uso likiwa limekunjamana. Mwendo huo ulipata umaarufu hadi Uingereza ukaimbwa kwenye wimbo mwaka 1923. Juu ya kichwa chake ikatokea alama ya kuuliza, na hapo ndipo uchawi wa katuni hizi ulipo, kwa maana alama hiyo haikuwa ishara kwa mtazamaji tu. Felix aliweza kunyoosha mkono, akaichukua, akaitumia kama ndoana. Alama za mshangao zikawa vipande vya ngazi au vyuma vya kuunda chombo. Na mkia wake, ambao aliubandua mwilini apendavyo, ukawa fimbo, ukawa mwavuli, ukawa darubini, kisha ukarudi mahali pake bila yeye kuhisi maumivu yoyote.

Nimewahi kusikia watu wakisema huo ulikuwa utoto wa sanaa, kwamba wachoraji wa wakati huo walicheza kwa kukosa vifaa. Sikubaliani nao hata kidogo. Messmer alielewa kwamba katika ulimwengu uliotengenezwa kwa wino, kila kitu ni wino, na kwa hiyo mkia, alama ya kuuliza, mwezi na mlango ni vitu vya jinsi moja vinavyoweza kubadilishana nafasi. Kamera inayopiga picha za watu halisi haiwezi kulifanya hilo. Kwa maoni yangu hakuna aliyelifikisha mbali zaidi kwa kalamu nyeusi na karatasi nyeupe, na wengi waliokuja baada yake wakiwa na rangi, sauti na bajeti kubwa waliliacha kabisa, wakaanza kuiga misitu na miili ya kweli.

Upande wa biashara, mtu wa kukumbukwa ni Margaret Winkler. Alikuwa katibu wa Harry Warner, mmoja wa ndugu waliokuwa na kampuni ya Warner, kabla ya kuanzisha kampuni yake mwenyewe ya kusambaza katuni, naye ndiye mwanamke wa kwanza kusimamia utayarishaji na usambazaji wa katuni za sinema. Kuanzia mwaka 1922 alimuuza Felix kwa bidii ndani na nje ya Marekani. Agosti 1923 paka huyo akaanza kutokea pia kwenye kurasa za magazeti. Sullivan alipohamishia mkataba kwenye kampuni ya Educational mwaka 1925, biashara ya Winkler ikabaki na mchoraji kijana aliyekuwa ameanza kumfanyia kazi, Walt Disney, ambaye katuni zake za wakati huo zina paka mweusi aitwaye Julius anayefanana na Felix kupita kiasi cha bahati. Kutoka biashara hiyohiyo, ikiwa sasa mikononi mwa Charles Mintz, mume wa Winkler, akazaliwa sungura Oswald mwaka 1927. Na Disney alipompoteza Oswald kwa sababu za mkataba, akamtengeneza Mickey Mouse. Anayesoma mlolongo huo ataona kwamba yule panya aliyekuja kumwangusha Felix ametokana na nasaba iliyoanzia kwa Felix mwenyewe.

Kabla ya kuanguka alipata heshima ambazo hakuna mchoro uliowahi kuzipata. Mwaka 1927 alitengenezwa kuwa puto kubwa katika maandamano ya sikukuu ya duka la Macy's jijini New York, akawa mhusika wa katuni wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Mwaka 1928, mafundi wa kampuni ya RCA walipokuwa wakijaribu kurusha picha kwa mawimbi ya redio kutoka kituo chao cha majaribio, W2XBS, walihitaji kitu cha kukaa mbele ya mitambo kwa saa nyingi chini ya taa kali ambazo hakuna mtu angezivumilia. Wakachukua mwanasesere wa Felix aliyetengenezwa kwa karatasi zilizolowekwa na kugandishwa, mwenye urefu wa sentimita 33 hivi, wakamsimamisha juu ya sahani ya gramafoni iliyokuwa ikizunguka polepole. Picha iliyopokelewa ilikuwa ya mistari 60 tu, na kimo chake kilikuwa sentimita tano hivi, mistari ya kulala yenye ukungu ambamo unaweza kutambua masikio mawili, macho na mikono. Walimchagua kwa sababu ileile ya Messmer ya mwaka 1919: weusi na weupe wake ulionekana hata pale ambapo kingine chochote kingepotea. Uamuzi uliofanywa na mtu mmoja nyumbani kwake, ili kuziba pengo la ratiba, ukawa na manufaa kwenye chombo ambacho hakikuwapo alipoufanya.

Tarehe 18 Novemba 1928, katika ukumbi wa Colony jijini New York, Mickey Mouse alitokea akiwa na sauti na muziki vilivyopangwa kwenda sambamba na kila hatua yake. Sullivan hakuona haraka ya kubadilika. Mkataba na Educational ukafikia mwisho, na alipokubali hatimaye, katuni nyingi zilizotolewa kupitia kampuni ya Copley kuanzia mwaka 1929 zilikuwa zile bubu zilizobandikwa sauti baadaye. Ukiwa na mhusika ambaye ufasaha wake wote uko kwenye ukimya, kumtupia juu milio ya ngoma na filimbi isiyomhusu ni kumharibu. Mke wa Sullivan, Marjorie, alifariki mwaka 1932 kwa kuanguka kutoka dirishani, na Sullivan mwenyewe, aliyekuwa amezama katika pombe kwa miaka mingi, akafariki Februari 1933. Mambo yake yalikuwa yamevurugika kiasi kwamba studio ilifungwa. Messmer hakuwa na haki yoyote ya kisheria juu ya paka aliyemchora kwa miaka kumi na zaidi. Alipoombwa amrudishe Felix kwenye sinema kwa niaba ya studio ya Van Beuren, alikataa. Studio hiyo ikatoa katuni tatu za rangi mwaka 1936 na kuacha. Mwaka 1958 Felix akahamia kwenye televisheni chini ya Joe Oriolo, aliyewahi kuwa msaidizi wa Messmer, akiwa amepewa begi la maajabu. Watu wengi wanamjua kwa begi hilo. Mimi naliona kuwa ni hasara, kwa sababu mtu mwenye begi linalotoa kila kitu hahitaji kufikiri.

Messmer aliendelea kuchora katuni za Felix za magazetini hadi mwaka 1954, na kwa muda mrefu zilichapishwa zikiwa na sahihi ya Sullivan. Alifanya pia kazi ambayo naiona ni nzuri ajabu: alitengeneza michoro inayotembea kwa ajili ya mabango makubwa ya umeme ya Times Square, ambamo maelfu ya balbu huwaka na kuzimika kwa mpangilio. Alikuwa mtu mpole asiyependa ugomvi, na maisha yake yote ya kazi hakwenda mahakamani kudai chochote. Ukweli ulitoka polepole kwa watu waliokaa naye chumba kimoja, wachoraji kama Al Eugster na Hal Walker, na kwa juhudi za Oriolo na mwanahistoria John Canemaker. Mwaka 1976 jumba la sanaa la Whitney jijini New York lilionyesha kazi zake kwa jina lake mwenyewe. Alifariki mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 91.

Wapo Australia wanaoshikilia kwamba Felix ni wa Sullivan. Wanataja katuni yake ya mwaka 1917 yenye paka aitwaye Thomas Kat, na wanaonyesha kwamba katika Feline Follies mtoto wa paka anamsalimu mama yake kwa maneno ya Kiaustralia, yaliyoandikwa kwa hati inayofanana na ya Sullivan. Hoja hizo nimezipima. Sullivan alikuwa mchoraji, na inawezekana kabisa aliyaandika maneno hayo au hata kuchora sehemu fulani. Lakini katuni ile ya mwaka 1917 haipo leo kwa mtu kuitazama na kulinganisha, na kuandika maneno kwenye kiputo si kumfanya paka atembee akiwaza. Sullivan alipoulizwa na waandishi wa habari wa kwao mwaka 1925, alisema wazo lilitokana na paka ambaye mke wake alimleta studio. Messmer alieleza jinsi alivyochora. Kwangu mimi maelezo hayo hayana uzito mmoja.

Nilipokuwa Kolo, Kondoa, mbele ya michoro ya miambani yenye watu warefu wembamba na wanyama wa rangi nyekundu, niliwaza kuhusu jambo hili kwa muda mrefu. Michoro ile haina jina la aliyeichora, lakini pia hakuna mtu mwingine aliyeandika lake juu yake, na ukimya wa namna hiyo ni tofauti kabisa na ule aliofanyiwa Messmer.

Katuni za mwanzo za Felix zimekwisha muda wa hakimiliki huko Marekani na zinapatikana kwenye intaneti, nyingi zikiwa fupi kiasi cha kutosumbua bando. Anayetaka kuanza aanze na Felix in Hollywood ya mwaka 1923, ambamo paka anajigeuza begi la safari ili apate kusafiri, kisha anamwiga Chaplin kwa kuutumia mkia kama bakora hadi Chaplin mwenyewe anakuja kulalamika kwamba ameibiwa. Felix Revolts ya mwaka huohuo inahusu paka wanaogoma kwa kudharauliwa, mji ukavamiwa na panya, na mkulima yeyote wa Bahi au Kongwa aliyewahi kuweka mtama ghalani ataelewa kwa nini viongozi wa mji wanakuja kuomba radhi. Baada ya hizo itafutwe Comicalamities ya mwaka 1928, nayo itazamwe mara mbili. Humo mkono wa mchoraji unaingia kwenye picha, unamchora Felix kwa mistari mitupu na kusahau kumjaza rangi, naye anakwenda kwa mpiga viatu rangi ili apakwe weusi wake. Kuanzia hapo anaagiza na mkono unatii: anataka paka jike aliyekutana naye apendezeshwe, na anafanyiwa hivyo. Mara ya pili mtazamaji aache kumtazama Felix na autazame mkono peke yake, aone kila unapoingia na unapotoka, na aangalie jinsi paka anavyougeukia kama mtu anayemjua anayezungumza naye.